i5 ya Mwaka Gani? Namna ya Kusoma Prosesa Kabla Hujalipa

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikiwa kaunta ni "Hii i ngapi?" Mteja akiambiwa i7 uso unachangamka, akiambiwa i3 anairudisha mezani bila hata kuifungua. Mawinga wa Kariakoo wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana ukikatiza tu unasikia, "Dada yangu, i7 hiyo, RAM 8, SSD 256, laki nne na nusu, ondoka nayo." Hajakudanganya. Ni i7 kweli. Ila ni i7 iliyotoka 2013, na ile i3 ya 2022 uliyoidharau duka la pili inaiacha mbali.

Kazi yangu ni kutengeneza na kuuza laptopu za mtumba, zile zinazokuja kwa kontena baada ya ofisi za Ulaya na Dubai kubadilisha mashine zao. Ninachotaka ukitoke nacho hapa ni kimoja: acha kuuliza "i ngapi", anza kusoma namba nzima ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. i3, i5, i7 na i9 za kampuni ya Intel ni nafasi ya darasani, siyo kidato. Aliyeshika namba moja Kidato cha Pili bado anaachwa na mwanafunzi wa katikati wa Kidato cha Sita, tena mtihani uwe uleule.

Namba baada ya kistari

Mashine ikishawaka, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R. Kikitokea kijisanduku, andika msinfo32, piga Enter, halafu tafuta mstari wa Processor. Utakuta kitu kama hiki: Intel Core i5-8250U.

i5 ni daraja. Ile 8 ya mwanzo ni kizazi. 250 inaipanga kati ya ndugu zake wa kizazi hicho. Tofauti ya 8250U na 8350U ni ndogo mno, usikubali kuongezewa elfu hamsini kwa ajili yake. U ya mwisho inasema prosesa imetengenezwa kula umeme kiasi gani, nitairudia.

Namba ikiwa na tarakimu nne na inaanza na 2 hadi 9, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. i5-2520M ni kizazi cha 2, i7-4600U ni cha 4, i5-6300U ni cha 6. Ikianza na 1, soma tarakimu mbili za mwanzo: i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11, i3-1215U ni cha 12. Hiyo 1135G7 inawachanganya wengi kwa sababu tarakimu zimebaki nne, mtu anadhani ni kizazi cha 1 na anaikimbia. Mashine nzuri kabisa, na mara nyingine unaipata kwa bei ya kutupa kwa sababu muuzaji naye amekosea kusoma. Kizazi cha 1 chenyewe kina tarakimu tatu tu, mfano i5-520M, na hizo ni za 2010.

Miaka ya kushika kichwani: kizazi cha 2 ni 2011, cha 4 ni 2013, cha 6 ni 2015, cha 8 ni 2017, cha 10 ni 2019, cha 11 ni 2020, na cha 12 kiliingia kwenye laptopu 2022. Kuanzia mwishoni mwa 2023 Intel walianza kuiacha ile herufi i kwenye prosesa mpya za laptopu wakaleta Core Ultra 5 na Core Ultra 7. Kwenye mtumba hizo bado ni chache, na zikionekana bei yake siyo ya wanaosoma makala haya.

Mpaka uko kati ya 7 na 8

Kama huna muda wa kukariri chochote, kariri huu mpaka. Weka i5-7200U na i5-8250U ubavuni kwa ubavu. Zote zimepangiwa wati 15. Ya kwanza ina kori 2 na nyuzi 4, kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.5 na ikijikaza inafika 3.1. Ya pili ina kori 4 na nyuzi 8, kasi ya msingi gigahezi 1.6, ikijikaza inafika 3.4. Kori ndizo zinazofanya kazi. Nyuzi ni namna ya kuifanya kori moja ishike kazi ya pili wakati ile ya kwanza inasubiri data kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine.

Sasa mteja anaona 2.5 kwa 1.6 na anachukua yenye 2.5. Kila wiki namwona mtu wa hivyo. Gigahezi 1.6 ni kasi ambayo prosesa inaahidi kutoshuka chini yake kori zote zikiwa zimebanwa na kazi ndani ya zile wati 15. Ukifungua faili la Excel yenyewe inapanda hadi juu ya 3, inamaliza, inashuka kupumzika. Ndivyo inavyotakiwa. Kulinganisha gigahezi kuna maana ndani ya kizazi kimoja na aina moja. Nje ya hapo ni namba ya kupambia tangazo.

Na usifikiri ukikimbilia i7 ya kizazi cha 7 umepona. i7-7500U nayo ina kori 2. Hadi kizazi cha 7, karibu laptopu zote nyembamba za ofisi, iwe i5 au i7, zilikuwa na kori mbili tu. Kizazi cha 8 ndicho kilichozipa nne.

Kuna sababu ya pili ya mpaka huo. Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au, kwa laptopu za AMD, mshindani wa Intel, Ryzen za mfululizo wa 3000 kwenda juu, na chache sana zilizo nje ya hapo. Fundi anaweza kuipachika Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha 4, na mimi nimeshaombwa kufanya hivyo mara nyingi tu. Inawaka, inafanya kazi. Ila Microsoft hawakuahidi kwamba itaendelea kupata masasisho, na mashine ya mhasibu au ya duka la dawa siyo pa kubahatisha. Kama tayari unayo ya kizazi cha 6 na hela ya kubadilisha haipo, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, utaishi nayo vizuri.

Tahadhari moja hapa: jina la laptopu siyo ushahidi wa prosesa. Lenovo ThinkPad T480 inajulikana mtaani kuwa ni "ya kizazi cha 8", na nyingi ni kweli. Lakini T480 ilitolewa pia na i5-7200U na i5-7300U. Kava ni lilelile, kibodi ni ileile, na muuzaji huenda hajui. Soma namba.

Herufi ya mwisho

U ni prosesa ya laptopu nyembamba ya ofisi, kwa kawaida wati 15. Inatunza betri na haichemki sana. Kwa watu tisa kati ya kumi wanaoingia dukani kwangu, U inatosha.

H, HQ au HK ni zile za wati 45 hivi. Zina nguvu, zina joto, zina feni inayosikika, na chaja yake ni nzito. Kwa Dar, chumba kisicho na AC mwezi wa Januari, mashine ya H ikiwa imejaa vumbi ndani inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye nayo analalamika kwamba i7 yake inakwama. Akiileta tunasafisha feni na kubadilisha ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na bomba la shaba, anarudi na kasi yake. Halafu umeme ukikatika, betri ya H haikufikishi mbali kama ya U. Nunua H kama una kazi inayoidai, usinunue kwa sababu ina sifa.

Y ndiyo ya kuiogopa, na mara nyingine inajificha katikati ya namba. i5-7Y54 ni prosesa ya wati 4 na nusu, iliyotengenezwa ili laptopu iwe nyembamba kama sahani na isiwe na feni kabisa. Ni nzuri kubeba, nzuri kwa barua pepe. Lakini kwenye tangazo wanaandika "i5 kizazi cha 7", ile Y haitajwi. Ukiona laptopu nyembamba ajabu, haina tundu la feni, uliza herufi.

G ikifuatwa na namba, kama G1, G4 au G7, inahusu uwezo wa picha uliojengwa ndani ya prosesa. G7 ni bora kuliko G1, na kwa anayegusa video au michezo midogo utaiona tofauti. M kwenye vizazi vya 1 hadi 4 ilimaanisha ya laptopu tu. Na kwa kompyuta za mezani, zile Dell OptiPlex na HP za ofisini, namba isiyo na herufi, kama i5-6500, ni ya kawaida, na T ni ile ya kula umeme kidogo inayokaa kwenye viboksi vidogo.

Mpya kwenye boksi

Hapa ndipo wazazi wanapoumizwa. Mtoto kapata chuo, mzazi anasema mtumba hataki, anataka mpya yenye plastiki bado imebandikwa. Kwa hela aliyonayo anapata laptopu mpya yenye Celeron N4020. Hiyo ina kori 2, nyuzi 2, na inapangiwa wati 6. Siku ya kwanza inapendeza. Siku mtoto anafungua Word, kivinjari chenye vichupo kumi na kipindi cha Zoom kwa pamoja, prosesa inagonga asilimia 100 na kubaki hapohapo. Kwa hela ileile, au pungufu, mtumba wa i5 ya kizazi cha 8 unafanya kazi mara kadhaa ya hiyo. Mama mmoja nilipomwonyesha mashine zote mbili zikiwa zimewaka pamoja alicheka tu, akasema, "Kumbe nalipia boksi, mwanangu."

Mpya ya bei ndogo ninayoweza kuitetea ni yenye Intel N100, ya 2023. Ina kori 4, inakula umeme kidogo mno, na kwa kazi za kawaida haiachwi na i5-7200U. Kwa duka, kwa stoo, kwa mtoto wa sekondari, inafaa. Usiidai zaidi ya hapo.

AMD, na hao wengine

Ryzen zilianza 2017 na watu wengi bado wanaziogopa bila sababu. Ryzen 5 5600U ina kori 6 na nyuzi 12. Ukiipata kwa bei ya i5 ya kizazi cha 10, usilale nayo ukifikiria. Lakini AMD nao wana mtego wao. Kwenye mfululizo wa 7000 wa laptopu, tarakimu ya kwanza inaonyesha mwaka wa kutolewa, na ya tatu ndiyo inayoonyesha umbo la ndani la prosesa. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya kuliko 5600U, lakini ile 2 ya katikati inasema ndani yake ni Zen 2, umbo la 2019, na kori zake ni 4. 5600U ni Zen 3. Kwa hiyo yenye namba ndogo ndiyo bora. Angalia 7530U, ina 3 pale, hiyo sawa.

MacBook yenye M1, prosesa ya Apple wenyewe, ya mwishoni mwa 2020, bado ni mashine ya ajabu kwa betri na kwa utulivu wake, haina hata feni kwenye Air. Hakikisha tu programu zako zipo upande huo. Programu nyingi za uhasibu zinazotumika hapa ni za Windows.

Kazi yako ndiyo inayochagua

Word, Excel, barua pepe, fomu za TRA mtandaoni: i5 ya kizazi cha 8 au i3 ya kizazi cha 11 au 12. Kwisha.

Anayechora kwa AutoCAD apime kasi ya kori moja kuliko wingi wa kori, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya AutoCAD inapita kwenye kori moja. Hapo i5-1135G7, inayofika gigahezi 4.2, itamfurahisha kuliko H ya zamani yenye kori nyingi. Anayeandika programu za simu kwa Android Studio atafute kori nyingi na asishuke chini ya RAM 16.

Wapiga video za harusi na send-off wana hesabu yao tofauti. Kamera na simu nyingi za siku hizi zinarekodi kwa H.265, namna ya kubana video ili faili liwe dogo, na prosesa isiyo na sehemu maalumu ya kuisoma inalazimika kuifungua kwa nguvu za kori zake. Ndiyo maana video inakatakata hata kabla hujaanza kuihariri. Kwa Intel, H.265 ya biti 10 ilianza kusomwa moja kwa moja kwenye kizazi cha 7, pamoja na VP9 ambayo YouTube wanaitumia sana. AV1, namna nyingine mpya zaidi ya kubana video, ilianza kizazi cha 11. Kwa hiyo hata mtu anayetazama YouTube tu, mashine ya kizazi cha 4 itapiga feni kwa video ambayo ya kizazi cha 8 inaicheza kimyakimya. Kwa kuhariri kila wikiendi, nenda H ya kizazi cha 9 kwenda juu na uwe na kadi ya picha ya pembeni.

Kabla hujaongeza laki mbili ili uruke kutoka i5 kwenda i7 ya kizazi hichohicho, ziweke kwenye RAM na SSD, ile diski ya kasi inayotunza mafaili. i7-8550U na i5-8250U zote zina kori 4 na nyuzi 8, utazitofautisha kwa saa ya mkononi, siyo kwa macho. RAM ya 8 ikiwa 16 utaijua siku hiyohiyo. Na RAM na SSD utabadilisha hata mwakani kwenye mashine nyingi, lakini prosesa za U zimechomelewa kwenye ubao. Anayekuambia "chukua hii, baadaye tutakuwekea i7" anamaanisha kubadilisha ubao mzima, na bei yake inakaribia laptopu nyingine.

Ukiwa umesimama dukani

Stika usiiamini. Stika za i7 zinauzwa zenyewe, karatasi nzima. Hata jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kubadilishwa na mtu anayejua pa kugusa, ingawa kwa kawaida mashine ikizimwa na kuwashwa jina la kweli hurudi. Kwa hiyo omba izimwe, iwashwe mbele yako, na uingie BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows: kwenye Dell unagonga F2 mara tu nembo inapotokea, HP ni F10, ThinkPad ni F1. Ukurasa wa taarifa za mashine utakuonyesha prosesa. Muuzaji akisema BIOS ina neno la siri, mrudishie mashine yake. Neno la siri la BIOS lina matatizo yake mengine kabisa.

Baada ya hapo ingia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua sehemu ya Performance, chagua CPU. Chini kuna Cores na Logical processors. Ukiambiwa i5-8250U lazima usome 4 na 8. Ukikuta 2 na 4, mazungumzo yameisha.

Usiifunge hiyo dirisha. Fungua video ya YouTube ya 1080p na vichupo kadhaa, uiache dakika kumi huku mkiongea bei. Tazama Speed. Inapaswa kupanda na kushuka, mara 3, mara 1.8, mara 2.6. Ikishuka chini ya gigahezi 1 na kuganda hapo wakati matumizi yako juu, kuna kitu. Weka kiganja upande wa feni: hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni afadhali kuliko joto lisilotoka, maana hilo la pili ni feni iliyokufa au iliyoziba. Ikiwa ni Dell, angalia na chaja kwanza. Nyingi zikishindwa kuitambua chaja zinajibana kasi kwa makusudi, na chaja halisi ikichomekwa prosesa inarudi kawaida. Hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei, siyo ya kuikimbia mashine.

Mkishakubaliana, usikubali risiti iliyoandikwa "laptop HP i5" peke yake. Mwambie muuzaji aandike kwenye karatasi ya dhamana namba nzima ya prosesa pamoja na namba ya mashine iliyo chini ya kava, agonge muhuri. Risiti ya EFD ipige picha palepale, maana maandishi yake yanafifia kwa joto, na dhamana bila risiti inayosomeka utaibishania hadi uchoke.